Funika Kombe Mwanaharamu Apite: Mkataba wa Paris na Kuanguka kwa Saigon

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kila Jumapili nikienda kwa mjomba wangu tunabishana juu ya vita vya Vietnam. Yeye anasema Marekani haikushindwa: ilisaini mkataba wa amani Januari 1973, ikaondoa askari wake, ikarudishiwa mateka wake, na Saigon ikaja kuanguka Aprili 1975 wakati Wamarekani hawapo. Anamalizia kwamba waliopigwa ni Wavietnamu wa Kusini, na waliowachinja ni wabunge wa Marekani waliokata misaada. Mimi nikisema mkataba ule ulikuwa geresha, ananiambia nimwonyeshe kifungu. Je, kifungu kipo?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Tarehe za mjomba wako zote ni sahihi, mpe hiyo haki yake. Na kifungu kinachosema "hii ni geresha" hutakipata ukiupekua mkataba ule vifungu vyote 23. Kinachokusaidia wewe ni kifungu ambacho hakimo. Hakuna mahali popote panapowataka askari wa Vietnam Kaskazini waliokuwa ndani ya Kusini warudi kwao. Kifungu cha 5 kinawapa Wamarekani siku 60 wawe wameondoka wote. Kuhusu askari wa Hanoi, ambao Marekani yenyewe ilikadiria kuwa karibu 150,000, mkataba umenyamaza. Wamekatazwa kuongezwa, kuondoka hawakuambiwa. Mwombe mjomba akuonyeshe yeye kifungu hicho, halafu mnywe chai.

Siku ya kusaini yenyewe ilionyesha mengi. Ilikuwa Jumamosi, 27 Januari 1973, katika jengo lililokuwa Hoteli Majestic, barabara ya Kléber, Paris. Pande zilikuwa nne: Marekani, Vietnam Kaskazini ya Hanoi, Vietnam Kusini ya Saigon, na Serikali ya Mapinduzi ya Muda, yaani wale wapiganaji wa Kusini ambao magazeti yaliwaita Vietkong. Saigon ilikataa katakata kuitambua hii ya nne. Sasa utasainije karatasi moja na mtu unayesema hayupo? Wakatafuta mbinu. Asubuhi walisaini mawaziri wanne wa mambo ya nje: William Rogers, Tran Van Lam, Nguyen Duy Trinh na mama Nguyen Thi Binh. Ila ndani ya maandishi Serikali ya Mapinduzi haikutajwa kwa jina. Imeandikwa tu kwamba ni "pande zinazoshiriki mkutano wa Paris". Rogers na Lam wakatia saini ukurasa mmoja, Trinh na Binh ukurasa wa pili. Mchana Rogers na Trinh wakarudi wawili tu, wakasaini nakala nyingine ambamo kila mtu ametajwa. Ndoa gani hii, ambayo wenye kuoana wanasaini kurasa mbalimbali na mmoja hakubali kwamba mwenzake amezaliwa? Nami sishangai, kwa sababu miaka minne kabla, katika mji huohuo, walipoteza wiki kadhaa wakigombania umbo la meza.

Walifikaje hapo? Aprili 1969 Marekani ilikuwa na askari zaidi ya 540,000 Vietnam. Juni mwaka huohuo, kisiwani Midway, Rais Nixon alikutana na Rais Nguyen Van Thieu wa Saigon na kutangaza kwamba anaondoa 25,000 wa kwanza. Tangu siku hiyo hesabu ikawa ya kushuka tu. Mpango ulikuwa Wavietnamu wa Kusini wabebe vita vyao wenyewe, Marekani itoe silaha, ndege na fedha. Tabu yake ni kwamba kila kikosi kilichopanda ndege kurudi nyumbani kilimpunguzia Henry Kissinger, mshauri wa Nixon aliyeongoza mazungumzo, bidhaa ya kuuza mezani. Le Duc Tho, mjumbe wa Hanoi kwenye mazungumzo ya siri, alimwuliza jambo hilo mapema kabisa, mwaka 1970: mkiwa pamoja nao mlikuwa zaidi ya milioni na mlishindwa, je, mkiwaachia vibaraka wenu peke yao mtashindaje? Kissinger hakuwa na jibu zuri. Mei 1971 Marekani ikaacha kimyakimya kudai kwamba askari wa Kaskazini nao waondoke. Kwa hiyo kile kifungu kisichokuwepo 1973 kilikuwa kimeshauzwa karibu miaka miwili kabla, na Thieu akabaki akitumaini kwamba hakijauzwa.

Tarehe 30 Machi 1972 Hanoi ikamwaga karibu jeshi lake zima, divisheni 14, safari hii na vifaru na mizinga mizito, katika pande tatu: Quang Tri karibu na mpaka wa kaskazini, Kontum kwenye nyanda za juu, na An Loc, mji ulio kwenye barabara inayoshuka Saigon. Quang Tri ikaanguka 1 Mei. An Loc ikazingirwa zaidi ya miezi miwili isianguke, Kontum nayo ikasimama, na Septemba Saigon ikairudisha Quang Tri, au tuseme ilirudisha kifusi, maana mji haukubaki.

Hapa mjomba wako ana hoja nzuri, na mimi namuunga mkono: Wakusini walipigana. Huwa nakereka nikisoma watu wanaowachora kama jeshi la waoga, kana kwamba mtu anaweza kukaa An Loc chini ya makombora maelfu kwa siku moja akiwa mwoga. Lakini inua macho uangalie juu. Mizani iliinamishwa na ndege za Marekani, hasa B-52, zilizomwaga mabomu kwenye mistari ya waliozingira. Nixon akatega mabomu ya majini kwenye bandari ya Haiphong na kurudisha mashambulizi ya anga Kaskazini. Saigon ikajifunza kwamba tukizidiwa ndege zitakuja. Hanoi ikajifunza kwamba ndege zisipoondoka hatushindi. Halafu kuna kitu ambacho Hanoi ilibaki nacho bila kelele: ukanda wote wa magharibi kando ya mipaka ya Laos na Kambodia, pamoja na mji mdogo wa Loc Ninh. Humo ndimo walimokuwa askari wale 150,000 siku wino unakauka Paris.

Oktoba 8, 1972, Le Duc Tho akaja na rasimu mpya. Kwa miaka yote Hanoi ilikuwa imeng'ang'ania kwamba Thieu ang'oke kwanza. Sasa ikakubali abaki. Ndani ya siku chache yeye na Kissinger wakawa wameelewana karibu kila jambo. Aliyesahauliwa ni mwenye nyumba. Thieu aliletewa mkataba wa nchi yake mwenyewe tarehe 19 Oktoba, kwa Kiingereza. Akaomba nakala ya Kivietnamu, na alipoisoma akaona kuwa Baraza la Maridhiano lililopendekezwa, la kuandaa uchaguzi, limepewa neno linaloweza kusomeka kama serikali ya mseto. Akakataa, akadai marekebisho 69. Kissinger alirudi Washington amekasirika, na tarehe 26 akawaambia waandishi kwamba amani imekaribia. Novemba 7 Nixon akashinda uchaguzi kwa kishindo.

Desemba mazungumzo yakavunjika. Kuanzia tarehe 18 hadi 29 B-52 zikaipiga Hanoi na Haiphong, zikapumzika siku ya Krismasi tu. Mtaa wa Kham Thien ukafumuliwa usiku wa tarehe 26, hospitali ya Bach Mai ikapigwa. Kwa hesabu ya Hanoi walikufa raia zaidi ya 1,600. Marekani ilikiri kupoteza B-52 15. Hanoi inasema iliangusha 34. Januari wakarudi mezani wakasaini karibu kilekile cha Oktoba. John Negroponte, aliyekuwa msaidizi wa Kissinger, alitania kwa uchungu kwamba tuliwapiga mabomu Wakaskazini mpaka wakakubali tuwalegezee masharti. Mimi nasema mabomu yale yalikuwa na msikilizaji wa pili, na yeye hakuwa Hanoi. Alikuwa Thieu. Aone kwamba ndege bado zipo.

Na ili asaini, aliandikiwa barua. Nixon alimwandikia tarehe 14 Novemba 1972, akamwandikia tena 5 Januari 1973, akiahidi kwamba Hanoi ikivunja makubaliano Marekani itajibu kwa nguvu zake zote. Barua nyingine zilikuwa na makali: usiposaini tutasaini bila wewe, na misaada utaisahau. Thieu akasaini. Barua hizo Bunge la Marekani halikuzipigia kura wala halikuonyeshwa. Zilianikwa hadharani mjini Washington na Nguyen Tien Hung, mshauri wa Thieu, tarehe 30 Aprili 1975, siku ileile Saigon inaanguka. Kwa hiyo wabunge ambao mjomba anawalaani walivunja ahadi ambayo hawakujua imetolewa. Hanoi nayo ilipata barua yake: 1 Februari 1973 Nixon alimwandikia Waziri Mkuu Pham Van Dong juu ya dola bilioni 3.25 za kuijenga upya nchi. Hazikulipwa.

Mapigano yalitakiwa kukoma saa 2 asubuhi ya 28 Januari kwa saa za Saigon. Mkataba ulisema kila upande utashika ardhi uliyo nayo saa hiyo, na bila shaka unaelewa nini kinatokea ukiwaambia watu wawili wenye bunduki maneno kama hayo. Siku za mwisho kila upande ulikimbilia vijiji. Wapiganaji wa upande wa mapinduzi waliingia katika mamia ya vitongoji, wakasimika bendera yao, nusu nyekundu nusu buluu na nyota ya njano katikati, wakisubiri wakaguzi waje waandike kwamba hapa ni kwao. Saigon nayo ilimwagiza kila mwenye nyumba aonyeshe bendera ya njano yenye mistari mitatu myekundu. Ilipakwa kwenye kuta, ikapakwa kwenye mabati ya mapaa ili ionekane toka angani. Wiki zilizofuata jeshi la Saigon lilipita likirudisha vitongoji kimoja kimoja, na vingi vilirudi. Watu walikufa kwa maelfu katika amani hiyo.

Wakaguzi walikuwapo: Kanada, Indonesia, Hungaria na Poland. Wawili wa huku, wawili wa kule, na uamuzi lazima wote wakubaliane. Kanada ilichoka na mchezo huo ikajitoa katikati ya 1973, na nafasi yake ikachukuliwa na Iran. Lile Baraza la Maridhiano, ambalo lingeandaa uchaguzi, nalo lilihitaji kila mmoja akubali; halikuwahi kuundwa. Thieu alikuwa na "hapana" zake nne alizozirudia kama dua: hakuna kutoa ardhi, hakuna serikali ya mseto, hakuna kutofungamana, hakuna ukomunisti. Huyu ni mtu aliyegombea urais Oktoba 1971 akiwa peke yake kwenye karatasi ya kura. Uchaguzi wa haki na Vietkong alikuwa hautaki hata kwa kuuota.

Unataka kujua nani alivunja mkataba? Wote wawili, na walianza asubuhi ileile. Saigon ilivunja kwa kushambulia maeneo ya wenzao na kuziba mlango wa siasa. Hanoi ilivunja kwa kuteremsha askari wapya, vifaru na mizinga, jambo lililokatazwa waziwazi, na kwa kujenga barabara mpya upande wa mashariki wa milima ya Truong Son pamoja na bomba la mafuta lililofuata wanajeshi hadi kusini. Safari ambayo miaka ya nyuma askari aliitembea kwa miguu kwa miezi, sasa akaifanya kwa lori kwa wiki chache. Tume ya Nobel ikawapa tuzo ya amani ya 1973 Kissinger na Le Duc Tho kwa pamoja. Tho akaikataa, kwa kuwa amani haijafika. Katika watu wote wa kisa hiki, naona yeye ndiye aliyesema kweli siku hiyo.

Twende kwenye fedha, maana hapo ndipo mjomba amesimamia. Ni kweli Bunge lilikata. Juni 1973 lilipitisha sheria kwamba baada ya 15 Agosti 1973 hakuna shughuli yoyote ya kijeshi ya Marekani Indochina, na Nixon, ambaye kashfa ya Watergate ilikuwa imeshamkaba shingo, alikubali tarehe hiyo. Novemba lilimfunga rais zaidi kwa sheria ya mamlaka ya vita, likiipiga chini kura yake ya turufu. Msaada wa kijeshi kwa Saigon, uliokuwa zaidi ya dola bilioni 2 katika mwaka wa fedha wa 1973, ukashuka hadi bilioni 1 na ushei, kisha milioni 700. Wakati huohuo vita vya Mashariki ya Kati vya Oktoba 1973 vilipandisha bei ya mafuta karibu mara nne. Ukiweka hayo mawili pamoja utaelewa kwa nini ndege nyingi zilifungiwa, makombora ya mizinga yakagawiwa kwa kuhesabiwa, na hospitalini bandeji zikafuliwa zikatumika tena. Mshahara wa askari haukutosha kulisha watoto.

Lakini jiulize, kwa nini jeshi la watu karibu milioni moja, ukihesabu na mgambo, liwe hoi kwa kupunguziwa? Kwa sababu lilifundishwa vita vya tajiri. Wamarekani walilijenga kwa mfano wao: ukiona adui msituni, usiingie, ita ndege, ita mizinga, ita helikopta. Mwishoni mwa 1972 walilimwagia silaha kwa pupa kabla mkataba haujazuia, hata jeshi la anga la Saigon likawa mojawapo ya makubwa kabisa duniani kwa idadi ya ndege. Nchi ya wakulima wa mpunga ikawa na ndege ambazo haiwezi kuzinunulia vipuri, haiwezi kuzitia mafuta, na mafundi wake wengi ni wageni wa kuajiriwa. Umemwachia mtu lori la tani 30, ukaondoka na pampu ya mafuta. Aliyepunguza mafuta ana lawama, ila aliyeleta lori hilo usimsahau. Thieu naye aliongeza kosa lake. Alitaka kushika kila kilomita, kuanzia mpaka wa kaskazini hadi ncha ya Ca Mau, akawatandaza askari wake mpaka hakuna akiba ya maana iliyobaki. Kuacha ardhi mapema na kwa mpango kungekiuka "hapana" yake ya kwanza.

Hanoi haikuwa na uhakika kama tunavyodhani leo. Walikuwa wamepoteza watu wengi 1972, na waliogopa B-52. Kwa hiyo walijaribu kwanza. Desemba 1974 wakaushambulia mkoa wa Phuoc Long, kaskazini mwa Saigon, na tarehe 6 Januari 1975 makao makuu ya mkoa yakaanguka. Ulikuwa mkoa mzima wa kwanza kupotea tangu mkataba. Saigon ilitangaza siku tatu za maombolezo. Washington ikatoa lawama, na hakuna ndege iliyokuja. Viongozi wa Hanoi walikuwa kwenye kikao kirefu siku hizohizo, wakipanga kumaliza vita kwa miaka miwili, 1975 na 1976. Wakapata jibu walilokuwa wakilitafuta. Ahadi ya "nguvu zote" iliondoka na Nixon, aliyejiuzulu Agosti 1974.

Sasa naomba utulie na Machi 1975, maana Kusini ilikufa pale zaidi ya ilivyokufa Aprili.

Jenerali Van Tien Dung wa Kaskazini alifanya kelele karibu na Pleiku na Kontum ili macho yaende huko, kisha alfajiri ya 10 Machi akaushukia mji wa Ban Me Thuot kwa divisheni kadhaa. Siku ya pili mji ulikuwa wake. Tarehe 14 Thieu aliwaita wakuu wachache Cam Ranh, akiwemo Pham Van Phu, jenerali wa kanda ile, na akaamuru vikosi vya kawaida viondoke Pleiku na Kontum, vishuke pwani, kisha vigeuke virudishe Ban Me Thuot. Phu alipewa siku mbili. Wakuu wa mikoa wasiambiwe. Mgambo, wengi wao watu wa makabila ya milimani, wasiambiwe. Wamarekani wasiambiwe.

Kurudi nyuma huku adui anakutazama ni jambo gumu kuliko yote katika vita. Hufanywa kwa mpango wa wiki kadhaa. Hapa hapakuwa na karatasi. Barabara kubwa zilikuwa zimekatwa, ikachaguliwa Barabara ya 7B, njia ya zamani isiyotumika, yenye madaraja yaliyovunjika na kipande cha mwisho kilichotegwa mabomu ya ardhini na washirika wao wenyewe Wakorea Kusini miaka ya nyuma. Phu akapanda ndege kwenda Nha Trang. Siri ikafichuka kwa namna siri za aina hiyo zinavyofichuka: majirani waliona wake za maofisa wanafunga mizigo.

Jeshi la Kusini askari wake walikaa na familia karibu na kambi. Ukimwambia askari ondoka leo usiku, umemwambia amwache mkewe na mama yake. Hakuna aliyewaacha. Msafara ulioanza 16 Machi ulikuwa wa malori ya jeshi yaliyobeba vitanda, pikipiki zenye watu wanne, vifaru vyenye watoto juu, watu wa miguu, labda raia 200,000. Walipofika mji mdogo wa Cheo Reo wakakwama, daraja la mbele halijawa tayari, na divisheni ya Kaskazini ikawafikia ikaanza kupiga msongamano ule kwa mizinga. Ndege za Saigon zilizokuja kusaidia zikawapiga watu wao kwa makosa. Waliosalia walianza kufika Tuy Hoa, pwani, siku kumi hivi baada ya kuondoka. Kwa makadirio ya kawaida, kati ya askari 60,000 hivi wa kanda ile walifika 20,000, na hao hawakuwa tena jeshi. Wavietnamu waliuita msafara wa machozi.

Mjomba akuambie hapo ni risasi gani iliyokosekana. Pleiku iliachwa na maghala yake. Amri ya Cam Ranh haikutoka bungeni Washington.

Kaskazini zaidi yalitokea hayohayo. Thieu akaichukua divisheni ya askari wa miavuli kutoka huko ili ilinde Saigon, watu wakadhani nchi imegawanywa na wao wameuzwa. Jenerali Ngo Quang Truong, aliyekuwa na heshima kuliko wenzake wote, akapewa amri ya kushika Hue, kisha ya kuiacha. Hue ikaanguka 26 Machi, Da Nang 29 Machi. Ndege na vifaru vya Kimarekani viliokotwa kwa mamia katika wiki hizo. Hanoi ikaitupa ile ratiba ya miaka miwili ikasema Saigon ichukuliwe kabla ya mvua za Mei. Sehemu moja tu ilisimama kiume, Xuan Loc, mji ulio mashariki ya Saigon, ambapo Divisheni ya 18 ya Le Minh Dao ilipigana kuanzia 9 hadi 21 Aprili. Rais Ford, aliyemrithi Nixon, aliomba dola milioni 722 tarehe 10 Aprili, Bunge likakataa. Hata zingetolewa siku hiyohiyo, meli ingefika bandari ya nani?

Thieu alijiuzulu tarehe 21, akiilaumu Marekani kwa televisheni kwa muda mrefu. Siku mbili baadaye Ford aliwaambia wanafunzi mjini New Orleans kwamba kwa Marekani vita hivyo vimekwisha.

Mjomba anasema Wamarekani hawakuwapo. Tarehe 29 Aprili wanamaji wawili wa Kimarekani waliuawa na makombora wakilinda uwanja wa ndege wa Tan Son Nhut, na helikopta zikachukua watu kama 7,000 hadi asubuhi ya tarehe 30. Walikuwapo. Waliokuwa hawapo ni wale nusu milioni. Na Marekani haikwenda Vietnam kurudisha mateka. Ilikwenda ili Kusini isitawaliwe na wakomunisti. Kwa kipimo chake yenyewe, ilishindwa.

Bado kuna ubishi wa wanahistoria ambao lazima nikupe, usije ukadhani nimeficha. Wapo wanaosema Nixon alikusudia kweli kurudisha ndege, na kwamba Watergate ndiyo iliyomfunga mikono. Mimi naegemea upande wa pili, kwamba walitaka tu muda upite kati ya kuondoka kwao na kuanguka kwa Kusini, kwa sababu ya maandishi. Julai 1971, katika daftari la matayarisho ya safari yake ya siri Beijing, Kissinger aliandika kwa mkono pembeni kwamba tunataka muda wa staha upite. Agosti 1972, kwenye kanda zilizorekodiwa Ikulu, alimwambia Nixon kwamba lazima watafute namna ya kuishikilia hali ya Vietnam mwaka mmoja au miwili, kisha Vietnam haitamshughulisha mtu. Wazee wetu wana msemo wa hilo: funika kombe mwanaharamu apite. Kutoka kusaini hadi vifaru Ikulu ya Saigon ni miaka miwili na miezi mitatu.

Umeomba kifungu. Nakupa picha moja badala yake. Mkataba uliunda tume za pamoja za kijeshi, kwa hiyo tangu mwanzo wa 1973 wajumbe wa Hanoi na wa Serikali ya Mapinduzi walipewa makazi Kambi Davis, ndani ya kituo cha jeshi la anga cha Tan Son Nhut, katikati kabisa ya mji wa adui. Walizungushiwa uzio na minara ya walinzi wa Saigon. Kila wiki ndege ya Kimarekani iliwapeleka wenzao Hanoi na kurudi, na kila Jumamosi waliita waandishi wa habari wakawasomea makosa ya Thieu, palepale, chini ya ulinzi wa askari wa Thieu. Vita vilipokaribia hawakuondoka, walichimba mahandaki. Asubuhi ya 30 Aprili 1975, kabla vifaru havijafika Ikulu, walipandisha bendera yao juu ya mnara wa maji wa kambi. Walikuwa pale kihalali, kwa mujibu wa mkataba.